Kofia ya viua na kichwa cha muungwana

Zanzibar ya karne ya 19, mtumwa hakutakiwa kufunika kichwa mbele ya bwana wake. Kofia ilikuwa ya muungwana. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake *Pastimes and Politics* (2001), anaonyesha jinsi watu walioachwa huru baada ya 1897 walivyoyakimbilia mavazi waliyonyimwa: wanawake kanga na buibui, wanaume kanzu na kofia. Aliyevaa alikuwa anatangaza, bila kusema neno, kwamba habari ya utumwa imekwisha. Sisi leo tukiona kofia tunawaza msikiti, basi. Upande huu tumeusahau.

Huku Bara sheria ilifuta utumwa 1922. Kariakoo ilikuwa imeshapata jina lake, kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza walipougawa mji kwa rangi, hapa pakawa upande wa Waafrika. Kofia ikawa vazi la mjini, hata kwa asiye Mwislamu. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki, na kofia yake mnaikumbuka.

Iliyo bora ni ile ya viua, ya kushonwa kwa mkono. Ina sehemu mbili, duara la juu na ukuta wa kuzunguka kichwa. Nakshi huchorwa kwanza kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, kisha sindano inaanza: toboa, zungushia uzi, kaza, hamia kitundu kingine. Vitundu hivyo ni pambo, lakini pia ndivyo vinavyopitisha hewa, na kwa joto la Dar hilo si jambo dogo. Kofia moja hula wiki nyingi, pengine miezi, na kazi hii wengi wanaoifanya ni wanawake, nyumbani, katikati ya kupika na kulea. Ikichafuka hufuliwa, hutiwa wanga, huvishwa kwenye kitu cha mviringo ikauke na umbo lake.

Ukizunguka Kariakoo sasa, nyingi utakazokuta ni za mashine. Iinue kwenye mwanga: mara nyingi ua limedariziwa juu ya kitambaa tu, mwanga haupiti. Sina ugomvi nazo, kijana wa kipato cha chini naye ana kichwa. Ila tukizizoea, ya mkono inaonekana ghali bila sababu. Muuzaji mmoja alinitolea moja aliyoificha chini ya meza. Nikamuuliza nani kashona.

"Mama mmoja wa Pemba," akasema. "Jina lake silijui, kaka. Inaletwa tu."