Tabaka la msuguano: wimbi na mkondo sakafuni mwa bahari

Tabaka la msuguano ni sehemu ya chini ya maji yanayokwenda, ambamo mwendo hupunguzwa kwa kugusana na mchanga, tope au mwamba. Kuliita “tabaka la mpaka” kungepotosha: mpaka hutenga, ilhali tabaka hili hukwaruza, na kukwaruza ndiko kunakohamisha mchanga.

Mtoni jambo hili ni jepesi. Chini ya daraja la Mto Nzoia lililoupa jina mji wa Moi's Bridge, zamani Hoey's Bridge, maji huelekea upande mmoja tu, yakiteremka hadi Ziwa Victoria. Msuguano hupata muda wa kupanda kutoka sakafuni, na tabaka laweza kujaza kina chote.

Wimbi lina tabia nyingine. Maji hayasafiri nalo, bali huzunguka mahali pale pale. Kadiri kina kinavyozidi mizunguko hupungua, na kwenye maji mafupi hubanwa hadi ikawa kwenda na kurudi tu juu ya sakafu. Wimbi linalopita kila baada ya sekunde 8 huwa na urefu wa mita 100 hivi katika bahari ya kina, na athari yake karibu hutoweka likiwa na mita 50 za maji chini yake. Kwa kuwa maji hugeuka kila baada ya sekunde chache, tabaka la wimbi halikui. Hubaki la sentimita chache, wakati la mkondo hufikia mita kadhaa. Wembamba huo ndio ukali wake: mwendo hubadilika ghafla ndani ya nafasi ndogo, hivyo wimbi hukwaruza sakafu zaidi kuliko mkondo wa kasi hiyo hiyo.

Viwili hivi vikikutana, nguvu zao hazijumlishwi kama hesabu ya sokoni. Msukosuko wa wimbi huufanya mkondo ulio juu yake uende kana kwamba sakafu ina mparuzo mkubwa kuliko ilio nao, nao hupunguza kasi. William Grant na Ole Madsen walilieleza hilo kihesabu mwaka 1979. Huo waweza kuitwa mparuzo unaohisiwa, maana mchanga wenyewe haujabadilika.

Kazi basi hugawanywa: wimbi hutibua, mkondo huchukua. Huko Malindi, Mto Sabaki humwaga tope jekundu baharini. Wakati wa kaskazi tope hilo huelekea kusini, kwenye ghuba na miamba ya matumbawe ya hifadhi ya Malindi. Wakati wa kusi huelekea kaskazini. Mkondo dhaifu usioweza kuinua chembe hata moja peke yake huweza kusafirisha shehena kubwa, mradi mawimbi yameshaitibua. Kwa hiyo anayepima mkondo siku ya bahari shwari pekee hukadiria kiasi cha mchanga kilicho kidogo mno kuliko kinachohama kweli.