Mla Nyama na Mshikwa na Ngozi

Ubalozi wa Kenya nchini Ubelgiji uko Uccle, kwenye barabara ya Winston Churchill. Vibao vya mitaa huko vina lugha mbili, na wasemaji wa Kiholanzi huiita manispaa hiyo Ukkel. Sheria nazo huandikwa kwa lugha zote mbili. Yule binadamu anayejificha nyuma ya kampuni, Kifaransa humwita mnufaika wa kweli. Kiholanzi, mnufaika wa mwisho. BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania, imemwita mmiliki manufaa.

Jina hilo linanikera. Limebeba Kiingereza mgongoni, na asiyejua Kiingereza hupata maneno mawili bila maana. Tena sheria humtafuta hata asiye na hisa, mradi kampuni inafuata amri yake. Mwenye hisa asilimia 20 lazima atajwe Kenya, ambako kiwango ni asilimia 10. Ubelgiji hisa hizo pekee hazitoshi, kwa kuwa kiwango ni zaidi ya 25.

Wahenga walisema mshikwa na ngozi ndiye mla nyama. Aprili 2025 vijana wawili Wabelgiji walishikwa Naivasha na sisimizi wapatao 5,000, ndani ya vichupa vilivyotiwa pamba ili wadudu wasife njiani. Mwezi uliofuata kila mmoja akahukumiwa kulipa faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miezi 12. Methali ilitosha, kwa kuwa ngozi ilikuwa mikononi mwao.

Lakini Mei 2015 Singapore ilikamata tani 3.7 za pembe za ndovu zilizofichwa kwenye majani ya chai kutoka Kenya. Mzigo wa namna hiyo husafiri kwa hati, na hati huridhika na jina la kampuni. Dereva ana ngozi, wakala wa forodha ana ngozi. Mla nyama hajafika hata bandarini. Huyo ndiye ambaye istilahi yetu inamtafuta, na mimi ningemwita mmiliki halisi, neno ambalo hata kuli wa bandari ya Kilindini analielewa bila kufafanuliwa.

Rejista ya Ubelgiji ya wamiliki halisi ilikuwa wazi kwa yeyote. Tarehe 22 Novemba 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba kuufungulia umma wote rejista za namna hiyo kunavunja haki ya faragha. Tangu hapo mwandishi wa habari anayefuatilia mzigo kama huo hadi kampuni ya Ubelgiji hana budi kuandika ombi, kuthibitisha maslahi yake halali, na kusubiri.