Asidi ya Aspatiki na Swali la Kuume na Kushoto

Katika mwaka wa 1806 mastadi wawili wa kemia wa Ufaransa, Louis Nicolas Vauquelin na Pierre Jean Robiquet, walikamua maji ya machipukizi ya asparaga, mboga ipendwayo sana na watu wa Ulaya, wakayapunguza kwa moto na kuyaacha yatulie. Ndani yake zikajifanya fuwele nyeupe za kitu kisichopata kujulikana. Kitu hicho kiliitwa asparajini, nacho ndicho cha kwanza kutengwa katika jamaa ya vitu ambavyo baadaye vilipewa jina la asidi amino, yaani vile ambavyo kwa kuungana kwavyo hufanyika protini zote za wanyama na mimea. Mwaka wa 1827 Auguste Plisson, naye Mfaransa, aliivunja asparajini akapata kwayo asidi ya aspatiki. Na mwaka wa 1868 Mjerumani Heinrich Ritthausen akaipata asidi iyo hiyo katika protini za mbegu, ikawa dhahiri kwamba jina lake la mboga halikuwa ila bahati ya mahali ilipoonekana kwanza.

Lakini kabla ya hapo asidi hii ilikuwa imekwisha kuleta hoja iliyo kubwa kuliko habari za mbegu na mboga. Mwaka wa 1848 Louis Pasteur, kijana wa miaka 25, alionyesha kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na maumbo mawili yasiyolingana ila kama mkono wa kuume ulinganavyo na wa kushoto: kila sehemu ni ile ile, wala mmoja hauwezi kuvaa kifuko kilichoshonewa mwenziwe. Nuru iliyochujwa hata ikawa yatikisika upande mmoja tu, ikipita katika umbo moja hupinduka kuumeni, na katika umbo la pili hupinduka kushotoni. Pasteur akasadiki kwamba kuzaa umbo la mkono mmoja peke yake ni kazi ya viumbe hai, na kwamba kitu kisicho na mkono, kikifanyiwa kazi katika maabara, hakiwezi kuzaa kitu chenye mkono.

Basi yaweza kufahamika jinsi alivyoshtuka mwaka wa 1850, iliposikika kwamba Victor Dessaignes, mkemia wa mji mdogo wa Vendôme, ameitengeneza asidi ya aspatiki kwa vitu vya maabara. Asidi ya aspatiki itokayo katika mimea huipindua nuru. Asidi ya fumari, iliyokuwa miongoni mwa vitu alivyovitumia Dessaignes, haiipindui kabisa. Kama habari ile ilikuwa kweli tupu, kanuni ya Pasteur imekufa. Hakuandika barua ya ubishi, bali alifunga safari mpaka Vendôme, akaomba kidogo cha asidi ile, akaitia katika chombo chake cha kupimia nuru. Nuru haikupinduka hata chembe. Kanuni yake ikapona, na mwaka wa 1851 akaitangaza habari hiyo; ila sababu aliyoitoa haikusimama. Yeye alidhani kwamba amepata umbo jipya lisilo na mkono wowote, kumbe katika asidi ya Dessaignes yalikuwamo maumbo yote mawili kwa kiasi sawa, kila moja likiufuta mpinduko wa mwenziwe.

Miaka 35 baadaye, mwaka wa 1886, Mwitaliano Arnaldo Piutti alipata katika machipukizi ya mmea wa jamii ya kunde asparajini ya umbo la pili. Ile ya kushoto, ya kawaida, ilijulikana kuwa haina ladha. Hii ya kuume ilikuwa tamu. Pasteur, aliyekuwa sasa mzee, alisema kwamba lazima mishipa ya ladha yenyewe nayo ina upande wake, kwa kuwa inatambua tofauti ambayo mizani haiitambui. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu kuona kwamba lililo tamu ni lile la mkono ambao lugha yake imeuita wa kulia.

Protini za mwili huundwa kwa umbo la kushoto peke yake. Mwili ukifa, au protini ikikaa miaka mingi bila ya kufanywa upya, asidi hurudi polepole kuwa mchanganyiko wa maumbo mawili, na ya aspatiki ni miongoni mwa zigeukazo upesi. Kwa hiyo Jeffrey Bada wa California aliifanya kuwa saa ya kupimia umri wa mifupa ya kale. Mwaka wa 1973 yeye na mwenziwe walitoa habari za njia hiyo, na mifupa ya Olduvai katika Tanzania ilikuwa miongoni mwa ile waliyoipima.

Saa hiyo ina ila moja kubwa: hukimbia penye joto na kusita penye baridi. Yampasa mpimaji apate kwanza mfupa wa mahali pale pale ambao umri wake umejulikana kwa njia nyingine, aurekebishe mwendo wa saa kwa huo. Huko California ulitumiwa mfupa wa Laguna, uliosemekana kwa kaboni ya 14 kuwa na miaka 17,150; na kwa kipimo hicho mwaka wa 1974 mifupa ya Del Mar ikatajwa kuwa na miaka 48,000. Habari hiyo ingalithibitika, historia ya kufika kwa watu Marekani ingalibidi iandikwe upya. Kufika mwaka wa 1984 njia bora ya kaboni ilionyesha kwamba mfupa wa Laguna haukuzidi sana miaka 5,000, na mifupa ya Del Mar nayo ikateremka mpaka katika miaka elfu chache. Bada mwenyewe alikuwa mmoja wa waliotia sahihi masahihisho hayo, jambo la kumsifia. Asidi haikusema uongo. Pishi iliyopimiwa ndiyo iliyokuwa mbovu.

Saa ya aspatiki haikuachwa. Mwaka wa 1975 Bada na mwenziwe walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba umbo la kuume huongezeka katika meno ya mtu aliye hai kadiri umri wake uongezekavyo, na madaktari wachunguzao maiti zisizotambulikana wameitumia njia hiyo kukadiria umri wa marehemu. Jino, tofauti na mfupa uliozikwa, hukaa kinywani kwa miaka mingi katika joto lisilobadilika sana.