Mashini iliyojua treni bila kujua likembe: ugomvi wa wanamuziki juu ya kinanda DX7

Katika kitabu chetu hiki tumezoea kuongea juu ya ngoma, kisanji, mahari na mambo mengine ambayo wazee walituachia. Mara hii tunaomba ruhusa ya kuongea juu ya kitu cha chuma na plastiki kilichotoka Japani. Wengine watauliza: «Mwalimu, ile njo desturi gani?» Hata gitaa, ambayo leo tunaiita yetu, ilifika kwetu ndani ya sanduku la mgeni, na siku ilipofika kulikuwa wazee waliotikisa kichwa.

Tulipokuwa watoto, karibu mwaka wa 1990, parokia yetu ilipata kinanda kidogo cha Yamaha, cha aina ile ya PSS. Kiongozi wa kwaya, kijana mwenye bidii, alifurahi sana. Lakini mzee aliyekuwa anapiga ngoma kubwa hakufurahi. Tunakumbuka maneno yao mbele ya sakristia. «Mzee, sikiliza kwanza,» kijana alisema. «Nimesikia. Ni bati inalia. Haina mutu ndani.» Sisi watoto tulicheka. Miaka mingi baadaye, tukisoma historia ya vinanda vya umeme, tuligundua kwamba ugomvi ule ule ulikuwa umegawanya wanamuziki wa dunia nzima, juu ya mashini iliyo kama kaka mkubwa wa kile kinanda chetu: Yamaha DX7, iliyotoka mwaka wa 1983.

Tuanze na namna inavyofanya kazi, maana bila hiyo ugomvi hauna maana. Mwaka wa 1967, John Chowning, mtunzi wa muziki katika chuo kikuu cha Stanford, Marekani, alikuwa anachezea mawimbi ya sauti kwa kompyuta. Chukua gitaa, piga kamba moja, kisha tikisa kidole cha mkono wa kushoto juu yake: sauti inayumba. Sasa fikiri kidole kile kinatikisa mara mia kwa sekunde. Sikio haliwezi tena kufuata kule kuyumba. Linasikia sauti nyingine kabisa, yenye rangi mpya. Njo kile Chowning alisikia. Wimbi moja linatikisa wimbi lingine, na toka mawimbi mawili ya kawaida kabisa inazaliwa kengele, tarumbeta, au kitu kisicho na jina.

Aliandika mambo hayo mwaka wa 1973. Makampuni ya Marekani yaliyokuwa yanatengeneza ogani, Hammond likiwa mojawapo, hayakuona faida. Tena chuo chenyewe kilikataa kumpa kiti cha kudumu! Wajapani wa Yamaha njo walielewa, wakanunua haki ya kutumia uvumbuzi ule, na baadaye chuo kikamrudisha Chowning kwa heshima. Ule uvumbuzi uliingizia Stanford zaidi ya dola milioni 20. Sisi walimu tunapenda kusimulia kisa hiki, na msomaji anaelewa kwa nini.

DX7 ilikuwa na vibonyezo 61 vya kinanda, iliweza kutoa sauti 16 kwa mara moja, na bei yake Marekani ilikuwa dola 1,995. Zilinunuliwa zaidi ya 150,000. Kwa wanamuziki wa wakati ule ilikuwa ajabu. Piano ya umeme ya Rhodes ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 50. Hii kijana mmoja aliweza kuibeba kwapani, tuseme, akijikaza. Sentetizeri za zamani zilipoteza sauti joto likipanda, na mpigaji alizirekebisha katikati ya kazi. DX7, kwa sababu inahesabu kwa namba, haikujali joto. Tena ilisikia mkono: ukigonga kwa nguvu, si kwamba sauti inakuwa kubwa tu, inakuwa kali, inang'aa, kama vile chuma cha kweli. Hapo mzee wetu wa ngoma angeweza kukubali kidogo.

Sasa, juu ya nini wengine waliichukia? Jibu la kwanza ni mikono. Sentetizeri za mbele, kama Minimoog ya mwaka wa 1970, zilijaa vifungo vya kuzungusha. Unashika hiki, sauti inafunguka. Unazungusha kile, inafunga. Mtu alijifunza kwa vidole, kama vile tunajifunzaka ngoma. DX7 haikuwa na hata kimoja cha namna hiyo. Ilikuwa na vibonyezo bapa, kioo kidogo cha mistari miwili, na namba zaidi ya mia kwa kila sauti. Ukibadilisha namba moja, pengine hakuna kinachosikika. Ukibadilisha jirani yake, sauti yote inavunjika. Wanamuziki wenye masikio mazuri walikaa mbele ya kile kioo na kujisikia kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza mbele ya aljebra.

Basi wengi waliacha. Walitumia zile sauti 32 zilizokuwa tayari ndani. Inasimuliwa kwamba kati ya DX7 kumi zilizoletwa kwa mafundi, tisa zilikuwa bado na sauti za kiwanda, hakuna aliyegusa kitu. Matokeo yake yalisikika mahali pote. Sauti moja, iliyoitwa E. PIANO 1, mwaka wa 1986 ilikuwamo katika nyimbo karibu 40 kwa mia za zile zilizofika nafasi ya kwanza Marekani. Nyimbo za mapenzi za watu mbalimbali, na piano ni ile ile! Waliosema mashini ni «baridi» walikuwa na haki, lakini tunafikiri walikosea mgonjwa. Baridi haikuwa ndani ya mashini. Ilikuwa ndani ya mazoea ya kununua sauti iliyopikwa na watu wengine.

Maana wapo walioingia ndani. Mwingereza Brian Eno alikaa na DX7 miaka, akatengeneza sauti zake mwenyewe, hata akazichapisha mwaka wa 1987 ili wengine wazijaribu. Kwake, ugumu wa ile mashini ulikuwa sababu ya kubaki nayo: watu wengi walipoikimbia, yeye alibaki na shamba kubwa peke yake.

Kulikuwa pia hofu ya mkate, na hatuwezi kuificha. Hata kabla ya DX7, mwezi wa tano 1982, tawi la London la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipiga kura kutaka sentetizeri zikatazwe, kwa kuwa zilikuwa zinachukua kazi ya wapiga fidla na tarumbeta. Kwetu hakuna aliyepiga kura, lakini jambo lile lilifika. Sikiliza muziki wa Zaire wa miaka ya 1970, kisha ule uliorekodiwa Paris katikati ya miaka ya 1980: mara nyingi tarumbeta na saksofoni zimepungua, na mahali pao kuna kinanda. Tunasikilizaka zile diski na kufurahi, lakini mpiga saksofoni aliyerudi nyumbani bila kazi, yeye hakufurahi.

Lakini tusiseme kwamba kinanda cha umeme kilikuwa mgeni kwetu. Miaka ya 1950, katika studio ya Opika pale Léopoldville, Mbelgiji Gilbert Warnant alipiga Solovox, kinanda kidogo cha umeme cha Hammond, pamoja na magitaa ya rumba. Leo wazee wanaisikia ile sauti na kusema: «Aa, njo muziki yetu ya kweli!»

Kinachotuuma sisi ni jambo lingine. Tulisoma orodha ya zile sauti 32 za kwanza za DX7. Kuna marimba. Kuna koto ya Wajapani, kuna ngoma za chuma za visiwa vya Karibi. Kuna treni. Kuna hata ndege inayoruka. Likembe haimo. Na hapa fundi yeyote wa sauti atakubaliana nasi: hakuna kitu ambacho mashini ile inafanya vizuri kushinda ulimi wa chuma unaokwanyuliwa. Piano za nyuzi inazikosea, fidla inazikosea, lakini kengele na vyuma njo nyumba yake. Ilikuwa kama imetengenezwa kwa ajili ya kisanji, na waliochagua sauti zile hawakujua.

Je, kosa ni lao? Wao walijaza sauti wanazozijua. Mlango wa kuingiza zingine ulikuwa wazi, na kila sauti mpya ilikuwa na nafasi ya jina la herufi 10. Kinshasa wakati ule, Mingiedi Mawangu wa Konono N°1 hakungoja kiwanda: alichukua sumaku za magari mabovu, akafanya likembe zake zipige kelele kwa umeme. Watu walisema sauti inakoroma. Alibaki na ule mukoromo, na mwaka wa 2004 diski yake Congotronics ilipotoka, wageni waliusifu kuliko kitu kingine.

DX7 ya kweli sisi tuliiona mara moja tu. Lakini ile namna ya kutengeneza sauti haikufa: ilikuwa ndani ya milio ya baadhi ya simu za miaka ya 2000, na leo kuna programu ya bure, Dexed, inayoiga DX7 nzima ndani ya kompyuta. Mtoto wa yaya yetu anayo. Likizo iliyopita alikaa siku tatu akitafuta sauti ya likembe, akaipata, akaiandika LIKEMBE 1. Alimsikilizisha mzee mmoja jirani anayepiga kisanji toka ujana wake.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: «Ni nzuri, lakini ndimi zake zote zina adabu. Yangu ina moja yenye pete inalialia. Hiyo njo inajulisha kama ni mimi.»

Kijana amerudi kwenye namba zake. Alituambia anatafuta pete.