Wanaoingia Tunawahesabu, Wanaotoka Je?

Ndugu msomaji, kama umewahi kusafiri kwa barabara kutoka Kahama kwenda mpaka wa Rusumo, basi Nyakanazi umepita. Ni njia panda iliyoko wilaya ya Biharamulo: huku Kigoma, huku njia ya kwenda Biharamulo mjini hadi Bukoba na Ngara. Malori hayaishi pale, usiku na mchana.

Hapo ndipo niliposhuka mwishoni mwa mwaka 2011. Nilikuwa na miaka 18, cheti cha kumaliza kidato cha nne bado hakijatoka, begi moja, mashati mawili na shilingi elfu kumi. Nilikuwa nimetoka kwenye kituo cha kulelea watoto, ambako niliishi tangu sijajua kuvaa viatu. Mama mlezi aliniaga akisema, "Sasa umekuwa mtu mzima, mwanangu, Mungu akutangulie." Sikumchukia, wala leo simchukii. Naye alichokuwa nacho kilikuwa ndicho hicho. Lakini usiku ule, nimelala kibarazani pa duka la watu, nilijiuliza: hivi utu uzima ndio huu?

Nilikaa Nyakanazi miaka miwili nikiuza mayai ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma kwa madereva. Madereva wa zamani ndio walionifundisha historia ambayo shuleni niliipata nusu nusu. Ukimpa mzee wa lori yai na chumvi, na foleni ikawa ndefu, atakusimulia mwaka 1994 hadi uone vumbi lake.

Naomba nikurudishe huko kidogo, maana kesi yangu naisimamisha juu ya historia hiyo.

Tarehe 28 Aprili 1994, watu waliokuwa wakikimbia Rwanda walianza kumiminika kuvuka daraja la Rusumo. Hesabu za wakati ule zilisema watu wapatao 250,000 waliingia wilaya ya Ngara katika muda wa kama siku moja hivi. Fikiria mji mzima unahama kwa miguu, na daraja ni moja. Walikaa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyowahi kujenga barabara. Kabla yao walikuwa wameshaingia Warundi, waliokimbia baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Zikaja kambi za Lumasi, Musuhura, Lukole na nyinginezo.

Katika umati ule walikuwamo watoto waliopotezana na wazazi wao. Katika nchi zote za Maziwa Makuu walioandikishwa hivyo baada ya 1994 walizidi 100,000. Sasa sikiliza walivyofanyiwa. Mtoto aliulizwa jina lake, la baba, la mama, kilima alikotoka, na nani alikuwa naye mara ya mwisho. Wadogo wasioweza kutaja kitu walipigwa picha, na picha zikaonyeshwa watu: nani anamjua huyu? Msalaba Mwekundu, UNICEF, Save the Children na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa walishirikiana orodha hizo kuvuka mipaka. Watoto wengi waliwekwa na familia za wakimbizi wenzao wakati ndugu zao wanatafutwa.

Sisemi kambi zilikuwa pepo. Mapema Desemba 1996 serikali yetu na shirika lile la wakimbizi walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya Tanzania, wakageuzwa na askari. Karibu watu nusu milioni wakarudi kwa barabara ileile, na katika msukumano ule watoto wengine wakapotezana na watu wao mara ya pili. Tena, kijana aliyefikisha miaka 18 alitoka kwenye hesabu ya watoto, akawa mkimbizi mtu mzima kama wengine, awe ana ndugu au hana. Lukole ya Warundi iliendelea hadi 2008, ikafungwa.

Lakini jambo moja walilijua wale waandishi wa orodha, wameketi kwenye tope na kipindupindu kikiwavizia: mtoto akiingia mikononi mwako, kazi ya kumtoa salama inaanza siku hiyohiyo. Maswali yote yale yalikuwa ya safari ya kurudi.

Sasa njoo kwangu. Mwaka 2014 nilirudi kituoni kuomba nione faili langu. Si faili, ni ukurasa mmoja kwenye daftari kubwa. Umeandikwa: "Mvulana, miaka mitatu kwa kukadiria. Ameletwa na mama muuza ndizi wa Nyakahura." Jina la baba, mstari. Jina la mama, mstari. Mwisho kuna safu ya "tarehe ya kutoka na anakokwenda". Mimi nimeondoka miaka mitatu, safu ni tupu! Kwa daftari lile bado nipo, ninakula uji wa saa nne.

Nilikwenda Nyakahura. Niliuliza sokoni siku mbili. Bibi mmoja akaniambia, "Mjukuu wangu, ungekuja wakati ule ule tungekumbuka." Jamani, wakati ule ule nilikuwa na miaka mitatu. Nani alipaswa kuja?

Sikia hasara yake. Ukitaka barua ya utambulisho kijijini unaulizwa ukoo wako na nani anakujua. Ukiomba mkopo wa chuo kikuu kama yatima unatakiwa vyeti vya vifo vya wazazi. Mimi sijui kama wangu wamekufa! Huku Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983, mabibi wengi wamelea wajukuu, na mjukuu wa bibi ana pa kuelekeza kidole: kaburi lile, mgomba ule. Mtoto wa kituo hana kidole cha kuelekeza popote.

Mwaka 2009 yalitokea mambo matatu. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mtoto, inayosema mtoto ni mwenye umri chini ya miaka 18. Umoja wa Mataifa ukapitisha miongozo ya malezi mbadala, inayosema maandalizi ya kutoka yaanze mapema iwezekanavyo, na msaada usikatike mlangoni. Na jirani zetu wa Kenya, vijana waliokulia vituoni walianzisha chama chao wenyewe, Kenya Society of Care Leavers. Mimi mwaka ule nilikuwa kidato cha pili na sikujua lolote kati ya hayo matatu.

Piga hesabu nawe. Ukianza darasa la kwanza na miaka 7, ukasoma miaka saba ya msingi na minne ya sekondari, umefika 18. Kidato cha sita ni 20. Mtoto wa kwenu akifika 18 anaambiwa soma. Wa kituo anaambiwa toka.

Ninachodai si kuhurumiwa. Kila mtoto anayeingia aulizwe na afuatiliwe kama walivyoulizwa wale wa Benaco. Asitoke bila cheti cha kuzaliwa. Miaka miwili ya mwisho iwe ya kujiandaa: fani, mahali pa kulala, mtu wa kumpigia simu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 4 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vijana. Vikundi vya waliotoka vituoni visikwamishwe kwa swali la ukoo. Na mlango uwe wazi hata Krismasi na Idi, maana kila mtu hurudi kwao sikukuu.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kweli, ila huyo mwana naye kuna siku atatoka.

Nawaandikia ninyi vijana wenzangu mnaoshika kalamu mijini kwa sababu moja. Tunapenda kuandika mtoto anavyookotwa, anavyofikishwa getini, anavyopewa shati jipya. Hadithi inaishia hapo na msomaji anafuta machozi. Andikeni na asubuhi ya begi.

Kuna kijana kule kituoni ananiita kaka, ingawa damu hatuchangii. Desemba hii anatimiza 18. Wiki iliyopita alinipigia: "Kaka, nikitoka nishukie wapi?" Nimemwambia ashukie kwangu, nina chumba kimoja, tutabanana. Halafu nikamwagiza jambo jingine: kabla hajaondoka, aombe daftari, aone kwa macho yake wakijaza ile safu ya mwisho. Na kama wako radhi, wajaze na yangu.