Roketi ya Jua Ambayo Bado Haijaruka

Mwaka 1956 Krafft Ehricke, mhandisi Mjerumani aliyehamia Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alipendekeza chombo cha angani chenye maputo mawili makubwa ya plastiki nyembamba. Sehemu ya kila puto ingepakwa fedha iwe kioo cha kukusanya miale ya jua mahali pamoja, ichemshe haidrojeni hadi itoke nyuma kwa kishindo. Hakuna kuwasha moto, wala mtungi wa oksijeni.

Hesabu zake zilisimama imara. Roketi za kawaida zilizo bora kabisa hutoa gesi kwa kasi ya kilomita 4.5 hivi kwa sekunde. Haidrojeni tupu, gesi nyepesi kuliko zote, ikipashwa zaidi ya nyuzi 2,000 huweza kufikia kama kilomita 8. Lakini jua la huko juu hutoa takriban wati 1,360 kwa kila mita ya mraba, kiasi ambacho birika la umeme hukimaliza chote. Ukitaka msukumo wa maana, sharti uwe na kioo kikubwa, chepesi, kisichopoteza shabaha.

Ehricke mwenyewe alihamia kwenye Centaur, roketi ya haidrojeni ya kuchoma, iliyofanikiwa kuruka mwaka 1963. Maputo yakabaki kwenye karatasi.

Miaka ya 1980 Jeshi la Anga la Marekani lilifadhili injini ya jua yenye mirija ya reniamu, metali inayostahimili joto kali. Mwaka 1996 chombo cha angani Endeavour kilipeleka juu antena ya kupulizwa kama maputo ya Ehricke, yenye upana wa mita 14. NASA nayo ikaandaa jaribio la injini ya jua liitwalo Shooting Star, likafutwa kabla ya safari.

Kwa maoni yangu, fizikia haina lawama hapa. Teknolojia hii ilikosa mnunuzi. Mwenye haraka alichoma mafuta, afike kwa saa chache. Mwenye subira alitumia injini za umeme, miezi ikapita, lakini mafuta yakabaki. Ya jua, inayohitaji wiki kadhaa, ilikaa katikati bila mwenyewe.

Sasa wanajeshi wanataka setilaiti zinazohama upesi, tena mara nyingi, na kampuni ya Portal Space Systems ya Marekani ilitangaza mwaka 2024 chombo chake cha injini ya jua, Supernova. Kampuni hiyo imeacha haidrojeni, ambayo hubaki kimiminika kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri tu na hutoroka tangini kama mvuke, ikachagua amonia. Kasi ya gesi inapungua, ila tangi linatunzika.