Fumba, Blanketi na Miguu ya Mlalaji: Kutoka Ngerengere hadi Mgeta

Anayetoka kituo cha reli cha Ngerengere kwenda Nyandira, katika tarafa ya Mgeta kwenye milima ya Uluguru, hupanda kutoka mahali ambapo mwinuko haufiki mita 300 juu ya usawa wa bahari hadi vijiji vilivyo juu ya mita 1,500. Kwa kawaida kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 6, kwa hiyo usiku mmoja wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, huwa na sura mbili katika mkoa huohuo mmoja wa Morogoro: bondeni mtu hupapasa shuka kunapokaribia kupambazuka, mlimani hutaka kitu kizito tangu jua linapozama. Historia ya namna watu wa mteremko huu walivyolala husimuliwa kwa kifupi mno. Zamani walipigwa na baridi, kisha wakaja wachuuzi na nguo, Wajerumani na reli, Waingereza na blanketi, baridi ikaisha. Masimulizi hayo yanapendeza kwa wepesi wake, ila ushahidi hauyaungi mkono. Joto la mlalaji, na hasa la miguu yake, lilitokana kwanza na mpangilio wa mahali pa kulala, na tena na matandiko yaliyozibwa upande wa miguuni. Blanketi lilipokuja lilishinda kwa sababu zilizohusu zaidi ajira kuliko joto.

Miguu inastahili kutengwa na mwili mwingine katika mjadala huu. Mwili unaopoa hubana mishipa ya damu ya mikono na nyayo ili kulinda joto la kifua na tumbo, na ndiyo maana nyayo huwa za kwanza kulalamika. Mwaka 1999 Kurt Kräuchi na wenzake wa Basel, Uswisi, walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba mishipa ya mikono na miguu ikifunguka na kupitisha joto, usingizi huja upesi zaidi. Bibi yeyote wa Mgeta angeweza kuwaambia hivyo bila maabara, lakini kipimo kinatupa swali la kuuliza vifaa vya kale: je, vilifika miguuni? Chukua shuka ya merikani, nguo iliyofumwa Marekani na kuenea bara kwa misafara katika karne ya 19. Shuka ilihesabiwa mikono minne, yaani kama mita 1.8, nayo doti ilikuwa shuka mbili. Urefu huo unatosha kumvisha mtu aliyesimama. Akilala na kujifunika gubigubi, kichwa kikiwa ndani kwa kuogopa mbu na umande, nyayo zinabaki nje, au inambidi ajikunyate magoti yakaribie kidevu. Khanga iliyokuja baadaye, yenye urefu wa karibu mita 1.5, ni fupi zaidi. Tukihukumu kwa nguo peke yake, basi, tutasema watu wa karne hiyo walilala miguu ikiganda. Kosa liko katika kudhani kwamba nguo ndiyo iliyokuwa matandiko yote.

Katika nyumba ya udongo na nyasi, moto wa mafiga matatu ulikuwa ndani, na kitanda hakikuwekwa popote. Ulili wa miti uliokazwa kwa kamba au kutandikwa ngozi ulimwinua mlalaji kutoka ardhini, ambako joto huvuja kwa kasi kuliko linavyovuja hewani, na mtu angeweza kuelekeza miguu upande wa moto na kichwa mbali na moshi. Kuta nene za udongo zilishika joto la jioni na kulirudisha taratibu usiku, na nyasi za paa zilipitisha moshi bila kumwaga joto lote kwa mara moja. Ukitazama hivyo, chumba chenyewe kilikuwa sehemu ya matandiko. Desturi ya kulala wengi pamoja, watoto kwa bibi yao au wageni kwenye mkeka mmoja, nayo ilifanya kazi ileile, kwani kila mwili ni chanzo cha joto. Mpangilio wa namna hii hauachi kitu cha kuwekwa kwenye kabati la makumbusho, na nadhani ndiyo sababu mojawapo ya kusahauliwa kwake. Blanketi hubaki na kuorodheshwa. Mahali miguu ilipoelekea hapabaki.

Hata hivyo kulikuwa na kifaa kimoja kilichobuniwa mahsusi, nacho kimeandikwa. David Livingstone na nduguye Charles, katika kitabu chao cha mwaka 1865 kuhusu safari ya Zambezi, wanaeleza fumba walilolitumia watu wa Sena na Shupanga waliokuwa katika kundi lao. Ni mkeka wa majani ya mtende wa porini, yaani mkindu, urefu futi sita na upana futi nne, ulio maradufu na kushonwa pande tatu, ukaachwa wazi upande mmoja tu wa kuingilia. Wanataja kazi zake tatu: kuzuia baridi, kuzuia maji na kuzuia mbu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1870, Edward Steere, askofu wa baadaye, alichapisha kitabu chake cha lugha ya Kiswahili kama ilivyosemwa Unguja, na humo fumba limo, likielezwa kuwa mfuko wa mkeka wa kulalia. Kutoka Zambezi hadi Unguja ni pwani ndefu, na kifaa kilichojulikana ncha zote mbili hakiwezi kuitwa ubunifu wa mtu mmoja. Utengenezaji wake ulihitaji ujuzi uliokuwapo tayari: miyaa hukaushwa, husukwa kuwa ukili, na ukili hushonwa upana kwa upana hadi upatikane mkeka. Fumba liliongeza hatua moja tu, kushona kingo. Lakini hatua hiyo ilibadili kila kitu kwa miguu, maana ncha ya chini ikishazibwa, mlalaji hawezi kulipiga teke likaanguka, upepo wa chini ya mlango haupati pa kupenya, na hewa iliyopata joto la mapaja na magoti hubaki kuzunguka nyayo. Ukindu ni mgumu kidogo, haulali juu ya mwili kama nguo iliyolowa, kwa hiyo huacha nafasi ya hewa, na hewa iliyotulia ndiyo kizuizi cha baridi.

Msomaji makini atapinga mambo mawili. La kwanza, kwamba fumba lilikuwa chandarua tu kwa sura nyingine, na joto lilikuwa faida ya pembeni. Pingamizi hili lina uzito kwa mabondeni, ambako mbu ni adui mkubwa kuliko baridi, na sina shaka kwamba mabaharia na wasafiri wengi waliingia humo kwa kukimbia mbu. Lakini ushuhuda wa mwaka 1865 unaitaja baridi bayana, tena katika bonde la Zambezi, ambalo si mlima. Anayelala nje penye umande, ngozi ikiwa bado na jasho la mchana, hupoa hata katika nchi ya joto. La pili ni kwamba ushahidi wote huu ni wa pwani na mitoni, na Uluguru ni mlima. Sidai kwamba kila nyumba ya Mluguru ilikuwa na fumba; juu huko moto ulitosha kwa sehemu kubwa. Ninachodai ni kwamba bonde la Ngerengere liko kwenye njia ambayo misafara ya pwani iliipita, kwamba mkindu huota kandokando ya mito ya nyanda za chini, na kwamba mtu anayelala kambini, bila kuta za udongo na bila mafiga yake, ndiye anayehitaji zaidi mfuko wa kulalia. Nyumba ilimhudumia mwenyeji wa mlimani, fumba likamhudumia msafiri wa bondeni. Matandiko mawili tofauti yalijibu swali moja.

Hapo ndipo blanketi lilipoingia, na liliingia kwa mlango wa kazi. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907, na pande zake mbili, kuanzia Kidugalo hadi Kingolwira, yakaenea mashamba ya mkonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Vita Kuu ya Kwanza ikaongeza wahitaji wengine. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, kisha mapigano yakazunguka Uluguru hadi Kisaki, na nyuma ya kila kikosi walikuwapo wapagazi waliolala nje wakiwa na blanketi moja jembamba. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi, homa ya mapafu ikiwamo. Baada ya vita serikali ya Tanganyika ilianzisha idara ya kazi chini ya Meja Orde-Browne mwaka 1926, na mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda SILABU, ofisi ya kuajiri watu kutoka mbali. Manamba aliyetia saini mkataba alipewa blanketi pamoja na nguo. Kwa mwajiri ni kitu cha kuhesabika, hukunjwa, hupakiwa kwenye behewa kwa mamia, tena huandikwa kwenye daftari. Fumba halina sifa hizo: ni kubwa, huvunjika likikunjwa ovyo, na hutegemea saa nyingi za mikono ya wanawake ambao manamba amewaacha kwao. Blanketi lilishinda kwa sababu lilikwenda na mshahara. Ajabu ni kwamba Tanganyika ilikuwa ikiuzia dunia nyuzi, na mwaka 1964 uzalishaji wa mkonge ulizidi tani 230,000, ilhali mkataji wake alilala chini ya pamba dhaifu iliyotoka ng'ambo. Katani ni ya kamba na magunia, haimfai mtu ngozini.

Kuna hatari ya kuisifu nyumba ya zamani kupita kiasi, na hapa pingamizi ni zito kuliko yote. Moshi wa mafiga uliumiza macho na mapafu. Sakafu ya udongo yenye joto ilikuwa makao ya papasi. Mwaka 1905 Robert Koch, akifanya kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, alithibitisha kwamba kupe hao ndio waenezao homa ya papasi, akawakuta wamejificha katika vumbi la vibanda vya njia za misafara. Joto lililomfaa mlalaji liliwafaa na wao. Kwa hiyo nyumba ya matofali na bati, jiko likiwa nje, ni hatua ya afya ambayo hakuna mwenye akili atakayeirudisha nyuma. Lakini hatua hiyo iliondoa chanzo cha joto bila kuweka kingine, na bati hupoa haraka kuliko nyasi. Wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha wanajaribu kurudisha moto wa mafiga katika nyumba isiyopitisha hewa, na gesi ya mkaa huua waliolala bila dalili. Kazi nyingine ya fumba, ya kuzuia mbu, ikachukuliwa na chandarua. Mradi wa KINET ulivisambaza Kilombero na Ulanga, mkoani humuhumu Morogoro, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na mpango wa Hati Punguzo ulioanza mwaka 2004 ukavifikisha kwa wajawazito nchi nzima. Mbu wakapata mpango wa taifa. Baridi ya miguu haikupata, na kwa kuwa chandarua huokoa maisha, siulaumu upangaji huo.

Wapanda milima wa Ulaya walifika kwenye hitimisho la watengeneza fumba kwa njia yao. Katika miaka ya 1930 Mfaransa Pierre Allain, aliyepanda ukuta wa kaskazini wa Petit Dru mwaka 1935, alibuni koti la manyoya ya ndege la kuvaa kiwiliwili pamoja na nusu mfuko wa kuingiza miguu na mapaja tu. Wafaransa huuita mguu wa tembo. Aliona kwamba kifua kinaweza kuvikwa, ila miguu lazima izibwe. Leo Nyandira sweta la mtumba linafanya kazi ya lile koti, na soksi nzito hununuliwa mnadani pamoja na mablanketi ya manyoya ya plastiki kutoka China, yaliyo mapana na mepesi kuliko lile la manamba. Watu huyachomeka chini ya godoro upande wa miguuni, jambo linaloziba ncha ya chini kama mishono ya ukindu ilivyoziba. Mafundi cherehani wa Morogoro wangeweza kushona ncha hiyo moja kwa moja kwa gharama ya uzi tu, na wasukaji wa mikeka bado wapo. Bidhaa haipo kwa sababu hakuna aliyeiagiza.